Kadi Iliyogoma Kufunguka

Mimi na Maini tulipeana mkono kwamba kila mmoja atatengeneza kadi mbovu, mbovu kabisa, kadi ya kumtia mtu aibu. Sababu ilikuwa mama mkwe. Alikuwa anahama, na kati yetu hakuna aliyetaka ahamie kwake.

Maini ni muuza nyama. Kaoa mdogo wa mke wangu, na siku alipokuja kujitambulisha ukweni alishindwa kuongea, akaweka mfuko wa maini mezani, akakaa. Jina likamganda hapo hapo. Mimi ni fundi bati. Nakunja mifereji ya paa, masanduku ya wanafunzi, ndoo, makarai na mabomba ya moshi. Shule niliiacha mapema, tulichokana, lakini mimi na bati bado tunaelewana.

Mama mkwe alifundisha kazi za mikono shule ya msingi maisha yake yote. Kukata, kushona, kusuka, na zaidi ya yote kukunja karatasi. Alistaafu, ila mikono yake haikupewa taarifa. Anatengeneza kadi. Mtu akizaliwa, kadi. Akifaulu mtihani, kadi. Akifeli, kadi kubwa zaidi. Nilipong'olewa jino aliniletea kadi ambayo ukiifungua jino linasimama, limekunjwa kwa karatasi nyeupe, lina mizizi yake yote, na chini kaandika, "Pole, tulilizoea." Mpaka leo sijui kama alinihurumia au alinicheka.

Si mtu mbaya. Tatizo lake hajui kukaa. Safari iliyopita alipokuja kwetu kupumzika, alizikunja upya nguo zote za kabatini, na zangu za ndani akazifanya pembetatu, nikawa kila asubuhi najifungulia kama nimepewa zawadi. Rimoti ya televisheni aliishonea nguo yenye vifungo isishike vumbi, kwa hiyo ukitaka kubadilisha stesheni unaivua rimoti nguo kwanza. Mpira ukianza anakaa kando yangu na kuuliza kwa nini yule kijana hawapi wenzake nao wacheze. Karakana ndiyo usiseme. Aliingia siku moja nimeenda kununua misumari, na niliporudi nikakuta vipande vyangu vya bati vimepangwa kwa ukubwa kama watoto mstarini. Nilichokuwa nakitafuta sikukipata mpaka alipoondoka.

Mwenzangu Maini yalimkuta makubwa zaidi. Yeye alisimamiwa buchani. Mama mkwe aliweka kiti mlangoni, na kila mteja aliyeingia alielekezwa ipi ni nyama ya leo na ipi ya jana.

"Ya juzi hakuitaja," Maini aliniambia. "Hapo namshukuru."

Sasa magoti ya mama mkwe yakagoma. Anakaa ghorofa ya juu kabisa, na daktari akasema ngazi basi. Binti zake wote wawili wanamtaka. Jumapili moja tulikutana sebuleni kwake kulimaliza jambo hilo. Mimi na Maini tulikaa kochi moja tukitazama viatu vyetu. Wake zetu walikuwa wamesimama.

"Anakuja kwangu," mke wangu alisema. "Mimi ndiye mkubwa."

"Mkubwa wa nini?" mdogo wake akamjibu. "Kwako nyundo toka asubuhi. Mama anataka kupumzika, hataki kuwa kiziwi."

"Afadhali nyundo. Kwako hata mapazia yananuka utumbo."

"Usiyatukane mapazia yangu, dada."

"Sijayatukana. Nimeyanusa."

Mama mkwe alikuwa mezani na mkasi wake, anakata karatasi ya manjano kana kwamba anayegombaniwa ni mtu mwingine. Alipomaliza kukata ndipo akavua miwani.

"Nyamazeni. Nyinyi wawili nawajua, niliwafundisha kukunja karatasi kabla hamjajua kufunga viatu. Nisiowajua ni hawa." Akatunyooshea mkasi. "Jumamosi kila mmoja aniletee kadi. Aikunje mwenyewe kwa mkono wake. Sitaki gundi, gundi ni ya mtu aliyekata tamaa. Nataka mikunjo ya mapambo. Nikiziona nitajua niende kwa nani."

"Mama, mimi ni mtu wa nyama," Maini akasema.

"Na nyama unaifunga kwa nini? Kwa kamba za viatu?"

Maini akarudi kwenye viatu vyake.

Kesho yake nilipita buchani. Alikuwa anapasua mbavu, shoka juu, shoka chini.

"Mwanyumba," aliniambia bila kugeuka. Ndivyo tunavyoitana kwa kuwa tumeoa ndugu. "Wewe unamtaka?"

"Namheshimu."

"Sijakuuliza hilo."

"Simtaki."

"Hata mimi." Shoka likashuka. "Basi tuharibu. Yako takataka, yangu takataka. Akiona wakwe wenyewe ndio hawa, ataenda kwa mama mdogo."

Mama mdogo ni mdogo wake mama mkwe. Ana nyumba ya chini, vyumba hata vya kupoteza, na kasuku mmoja anayetukana. Niliona ni mahali pazuri kabisa.

"Ila tusizidiane," nikamwambia. "Yako ikiwa mbovu kupita kiasi, yangu itaonekana nzuri."

"Tuwe wabovu sawasawa."

Tukapeana mkono. Wake ulikuwa na mafuta ya kondoo, ukaniponyoka mara mbili kabla hatujakubaliana vizuri.

Nyumbani nilikuta mke wangu amekishughulikia kile chumba kidogo. Vyuma vyangu vilivyokuwa vinakaa humo vilikuwa uani vimefunikwa turubai. Kitanda kimetandikwa. Dirishani kaning'iniza mapazia, kayafua na kuyapiga pasi, ya chumba ambacho mtu wake hajulikani kama atakuja. Nikasimama mlangoni, nikasema mapazia ni marefu.

"Kaa hapa, mzee," akaniita mezani. Kulikuwa na manila za rangi, rula na kijiko kilichokatika. Mpini wa kijiko ndio wa kukandamizia mkunjo.

"Nina mfereji wa mtu sijaumaliza."

"Mfereji hauna mama."

Nikakaa. Akanionyesha mkunjo wa feni, unakunja mbele, unageuza, unakunja tena, mpaka karatasi inakuwa kama feni ya mkononi. Akanionyesha mkunjo wa lango, kadi inayofunguka katikati kwa mabawa mawili. Anafundisha kama mama yake, anagonga meza kwa kidole ukikosea.

"Unajua ninachokiogopa?" akasema, macho kwenye karatasi. "Zile ngazi. Akianguka pale saa hizi watu wako kazini, atalala hapo mpaka nani apite? Simu ikilia mchana mimi nashindwa kuipokea."

"Hataanguka."

"Umemshika wewe?"

Nikachukua manila ya bluu nikaanza kuharibu.

Hapo ndipo nilipogundua nina ugonjwa. Nilikusudia mkunjo upinde, ukanyooka. Nikaupinda kwa makusudi, vidole vikaurudisha kabla sijavikataza. Nikakunja nimefumba macho, nikafumbua, mstari umenyooka kama umechorwa na serikali. Nikajaribu mkono wa kushoto. Wa kushoto ulikuwa na bidii kuliko wa kulia, nadhani ulikuwa unasubiri nafasi hiyo siku nyingi. Mtu ukikunja bati tangu ujana, jicho haliwezi kuvumilia upogo. Kona isipokutana na kona mwenzake nasikia kuwashwa kichwani.

"Kumbe unaweza," mke wangu akasema polepole. Akaita jirani aje aone. Jirani akaja na mwiko mkononi, akatazama zile feni, akanitazama mimi, akatazama tena feni.

"Huyu huyu?" akauliza.

Mke wangu akapiga picha akamtumia mdogo wake. Haikupita muda simu yangu ikalia.

"Umenigeuka," Maini akasema.

"Sijakugeuka. Mikono yangu ndiyo imenigeuka."

"Usiniletee mambo ya mikono. Mke wangu kaiona hiyo picha, analia. Ananiuliza kwa nini mimi nakunja kama mtu anayeficha maiti."

"Vizuri. Endelea hivyo hivyo."

"Na wewe je?"

"Nitaiharibu. Niachie."

Nilienda karakana na feni zangu mfukoni, nimenuna. Kulikuwa na mfereji mezani unaningoja, nikaanza kuunga vipande vyake. Namna ya kuunga bila kuchomelea ni hii: ukingo wa bati moja unaukunja kama ndoano, ukingo wa lingine unaukunja ndoano ya kuelekea upande wa pili, unazivalisha ndoano zikumbatiane, halafu unapiga nyundo ya mti zilale. Zikilala zimelala. Sisi tunauita mdomo. Ukiufumba, mvua haipiti, na hata mchwa akija atarudi kwao.

Nikasimama na nyundo hewani. Kadi gani mbovu kuliko kadi isiyofunguka?

Nikatafuta manila nyekundu, nene kuliko zote. Nikakata kadi ya lango. Feni nikazipanga ndani, kila moja nimeipenyeza kwenye mpasuko wake maana gundi imekatazwa. Halafu yale mabawa mawili, yanapokutana katikati, nikayakunjia mdomo. Ndoano huku, ndoano kule, nikazivalisha, nikaweka kadi juu ya chuma nikaigonga taratibu kwa nyundo ya mti kutoka juu mpaka chini. Ikafumba. Nikaivuta, haikuachia. Nikaitikisa, feni zikachakacha ndani kama wafungwa.

Kusema kweli ilikuwa nzuri. Mdomo ulishuka katikati kama mshono wa suti ya tajiri. Nilijisikia vibaya kwamba ni takataka.

"Ndani umeweka nini?" mke wangu aliuliza nilipomwonyesha.

"Feni zako."

"Hebu nione."

"Mama ndiye wa kwanza kufungua," nikasema, nikaificha kwenye shati. Alifurahi akaniongezea chai.

Jumamosi tukapanda zile ngazi. Mama mkwe alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani, miwani inaning'inia kwa kamba yake shingoni, na paka wake amelala kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Maini na mke wake walikuwa wamefika. Mke wake alikuwa amekaa mbali naye kidogo, kama watu waliopanda basi moja kwa bahati mbaya.

"Anza wewe," mama mkwe akamwambia Maini.

Maini akatoa mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko kulikuwa na kadi. Nasema kadi kwa sababu nilijua ndiyo iliyoagizwa. Ilikuwa karatasi ya kufungia nyama, imekunjwa kona nne kuja katikati kama unavyofunga figo nusu kilo, halafu juu kaizungushia kipande kingine akakipinda mara mbili akakiita ua. Kulikuwa na duara la mafuta pembeni ambalo mwanga ulipita. Nilimwonea wivu. Ule ulikuwa ubovu wa mtu aliyejitolea.

Paka akafumbua jicho.

"Hii umefungia nini?" mama mkwe akauliza.

"Upendo, mama."

"Unanuka kitunguu saumu."

Kabla hajaishika vizuri, paka alishaipata. Aliiburuta chini ya kabati, na tukasikia anaifungua kwa juhudi kuliko mtu yeyote aliyewahi kufungua kadi. Mke wa Maini akafunika uso kwa mkoba. Maini akainamisha kichwa kwa huzuni, lakini mimi nilikuwa karibu naye na niliona mashavu yanavyomcheza.

"Nimefundisha watoto waliokuwa wanakula karatasi," mama mkwe akasema, "lakini sijaona mkunjo mvivu namna hii. Wewe sasa, fundi."

Nikaweka yangu juu ya kitambaa. Mama mkwe akavaa miwani. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaipima ukingo kwa kucha.

"Mistari hii umeipigia rula?"

"Kwa jicho, mama."

"Mh." Akapitisha kidole kwenye ule mdomo katikati. "Mh," akasema tena, na ile ya pili ilikuwa na utamu ndani yake. Mke wangu akanishika kiwiko. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye soksi, maana nilijua zile mh mbili maana yake ni vyuma vyangu vibaki uani.

Mama mkwe akaiweka kadi chini, akakunja mikono.

"Basi nimeamua. Naona mlikuwa mnadhani nitahamia kwa mwenye kadi nzuri. Kwake nikafanye nini? Mimi ni mwalimu. Nakwenda penye kazi. Nitahamia kwa mwenye kadi mbovu, nimnyooshe."

Chini ya kabati paka akaendelea na shughuli zake.

Mashavu ya Maini yaliacha kucheza. Mimi nikainuka nikampa mkono.

"Hongera sana, mwanyumba."

"Subiri kwanza," Maini akasema. Alikuwa amebadilika rangi kama nyama iliyolala nje. "Mama, ile kadi hukuielewa. Ule ni mtindo mpya. Ua lile lina maana."

"Maana gani?"

"Lina... Mwite paka, nitakuonyesha."

Mke wake alikuwa ameshatoa uso kwenye mkoba na anatabasamu mpaka fizi. "Mama, nitakupa chumba cha mbele," akasema. "Mapazia nitayabadilisha." Hapo alimtazama dada yake.

Mke wangu aliniachia kiwiko. Akakaa kwenye ukingo wa kiti, akaweka mikono juu ya mapaja, akaitazama ile kadi yangu nzuri kama mtu anavyomtazama mwizi wake. Na mimi, badala ya kufurahi, nikawaza yale mapazia marefu yaliyopigwa pasi.

"Hebu na ndani tuone," mama mkwe akasema, akaichukua kadi.

Akaweka vidole gumba katikati, akavuta. Kadi haikufunguka. Akavuta tena. Akaigeuza, akatafuta mlango upande wa pili. Akajaribu ukucha, akajaribu ncha ya rula, akajaribu mpini wa kijiko. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaanza upya.

"Inafunguliwaje?"

"Inafunguka tu, mama," nikasema.

"Mimi sioni ikifunguka."

Maini akaruka kutoka kwenye kochi. Sijawahi kumwona muuza nyama mwepesi vile. "Nipe nijaribu." Akaivuta, akaipuliza, akaigonga kwenye goti. "Haifunguki. Mama, hii haifunguki. Kadi isiyofunguka ni kadi? Yangu ni mbovu, sawa, lakini hata paka kaifungua."

"Yangu imenyooka," nikasema.

"Imenyooka kama jeneza. Mama, huyu ndiye wa kunyooshwa. Fundi gani anafunga kitu asijue kukifungua? Na watu wanaweka nguo za watoto kwenye masanduku yake."

Shemeji, mke wa Maini, akamrukia mume wake. "Wewe nyamaza. Yako ndiyo mbovu. Ilikuwa na mafuta."

"Mafuta ni mapambo."

"Yako mbovu, baba. Mbovu, mbovu, mbovu," akasema kwa mahaba, kama anamwimbia.

Mama mkwe akagonga meza kwa kidole. Tukakaa wote, hata Maini, akakaa juu ya rula.

"Hoja ni ya kweli," mama mkwe akasema. "Kadi ni ya kufunguliwa. Fundi, hii hapa. Ifungue bila kuichana. Ikifunguka, ni kadi nzuri kuliko zote nilizoziona mwaka huu, nami nakwenda buchani. Isipofunguka, ndiyo mbovu, nakuja kwako. Na siku yoyote itakapofunguka nahamia kwa mwenzako."

Akanisukumia.

Sasa nieleze jambo moja. Mdomo wa bati ukiuvuta mbele hautoki, hata ufunge trekta. Lakini ukiusukuma kwa pembeni, bati moja lipande na lingine lishuke, ndoano zinateleza moja ndani ya nyingine kama droo na vipande vinaachana bila kelele. Kila fundi bati anajua. Nilikuwa najua tangu naigonga. Nilichotakiwa kufanya ni kuweka kidole gumba juu ya bawa moja na kingine chini ya bawa la pili, nisukume kidogo tu, na maisha yangu yarudi yalivyokuwa. Rimoti ikae uchi. Mpira nitazame kwa amani.

Nikaichukua. Nikaweka vidole mahali pake.

"Hawezi," Maini akasema. "Mtazameni. Amejifungia mwenyewe nje."

"Mfereji alionitengenezea mimi unavuja," shemeji naye akaongeza kunichokoza niifungue, lakini ni uongo. Mfereji ule hauvuji. Yeye aliutundikia nguo.

Damu ikanipanda. Nikasukuma kidogo, nikasikia mdomo umeanza kuteleza, mwembamba kama unywele. Nikainua macho nione Maini atakavyoaibika, na badala yake nikamwona mke wangu. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaitazama kadi na midomo inamcheza bila sauti. Nimeishi naye vya kutosha kujua anapoomba. Mtu mzima, mama wa watoto, anaomba Mungu karatasi isifunguke.

Nikaurudisha ule unywele mahali pake.

Halafu nikavuta mbele. Nikavuta kwa nguvu zote, nikakunja uso, nikatoa jasho la kweli. Nikavuta kwa kusimama. Nikaibana kwa magoti nikavuta.

"Haifunguki," nikasema.

"Kabisa?" mama mkwe akauliza.

"Kabisa, mama. Nimekosea. Nilizoea bati."

Maini alicheka mpaka akalala chini, paka akatoka chini ya kabati kuona kuna nini. Shemeji akasema anajua tangu zamani mimi si fundi wa maana. Niliimeza aibu hiyo. Ilikuwa kubwa kuliko koo langu lakini nilimeza. Mke wangu alikuja akakaa karibu nami kwenye kochi, karibu sana kwa mke aliye mbele ya mama yake.

Ni mwezi wa pili sasa tangu mama mkwe ahamie kwetu. Chumba kidogo kimemtosha, mapazia ameyapunguza. Nguo zangu za ndani zimerudi kuwa pembetatu, na wiki hii kajifunza kuzifanya mashua. Mke wangu simu ikilia mchana anapokea kama watu wengine.

Asubuhi akishakunywa chai mama mkwe anachukua kiti anakuja karakana, anakaa mlangoni na ile kadi nyekundu mapajani. Kila mteja anayeingia anaonyeshwa.

"Huyu mkwe wangu ndiye aliyeitengeneza," anamwambia. "Haifunguki. Mwenyewe hajui afanyeje."

Mteja anatazama kadi, anatazama sanduku alilolijia, ananiuliza, "Hili linafunguka?" Nalifungua, nalifunga, nalifungua tena mbele yake. Wengine wanataka kulifungua wenyewe. Mmoja aliniambia nimwandikie kwenye karatasi kwamba linafunguka.

Maini anapita kila Jumamosi kumsalimia mama mkwe, mkononi ana figo na usoni ana furaha ya kuudhi. "Vipi, bado?" anauliza. Bado, namjibu.

Wakati sina mteja, mama mkwe anaishughulikia. Hataki msaada. Kajaribu mvuke wa birika, kajaribu sindano ya kufumia, kajaribu kuiacha juani. Mimi naendelea kugonga mabati yangu na jicho moja nimelielekeza mlangoni. Jana alinyamaza muda mrefu mno. Nikatazama. Alikuwa ameishika kadi kwa wima, kidole gumba kimoja juu ya bawa la kulia, kingine chini ya bawa la kushoto, kichwa amekiinamisha upande kama anasikiliza.

Nikaangusha karai. Nikaangusha na ndoo juu yake, na bomba la moshi likafuata lenyewe.

Mama mkwe alishtuka, kadi ikamwanguka mapajani.

"Wewe baba," akasema, "vitu umevipangaje humu?"

"Ovyo, mama."

"Naona." Akaiweka kadi kwenye mkoba, akaufunga, akaanza kukunja mikono ya gauni lake. "Sogea huko. Leo tunaanza na ile kona."